Ibn Asakir na Watu wa Dameski

Fungua popote katika kitabu cha Ibn Asakir, Tarikh Madinat Dimashq, yaani historia ya mji wa Dameski, utakutana na watu kabla ya habari. Fulani katueleza, kasema katueleza fulani, naye kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa babu yake. Wapokezi watano, sita, saba wanapita mmoja mmoja, kisha ndipo inaingia habari yenyewe, na mara nyingi habari hiyo haijazi hata mstari: huyu nyumba yake ilikuwa karibu na Bab Tuma, yule alifariki mwezi wa Ramadhani. Msomaji mwenye haraka huyaruka majina akatafute kisa. Anairuka kazi yenyewe, maana ustadi wa mzee huyu umo humo humo kwenye majina.

Alizaliwa Dameski mwanzoni mwa mwaka 499 wa Hijria, sawa na 1105, katika ukoo wa wanazuoni wa Kishafii, akafia mji huo huo mwaka 1176. Kitabu chake kina wasifu wa watu zaidi ya 10,000, na chapa ya Beirut imefika juzuu 80. Hakuwa wa kwanza kushika kazi hii. Katika zama zile ilikuwa desturi mji wa Kiislamu kuwa na kitabu chake. Bahshal aliandika cha Wasit, kule Iraki, katika karne ya 9. Narshakhi akaandika cha Bukhara mwaka 943. Nishapur ilikuwa na al-Hakim, Jurjan ilikuwa na al-Sahmi, Isfahan ilikuwa na Abu Nuaim. Baghdad ikampata al-Khatib al-Baghdadi, aliyepanga watu zaidi ya 7,800, na huyu ndiye aliyemwekea Ibn Asakir kigezo. Desturi hiyo ilisafiri mbali: Kilwa nayo, katika karne ya 16, ilipata Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, kitabu chembamba cha masultani wake. Kwa ukubwa, katika historia za miji zilizotufikia kutoka zama hizo, hakuna inayoifikia ya Dameski.

Kazi ilianza kwa sikio. Alikuwa na miaka 6 alipoanza kupelekwa kwenye vikao vya hadithi. Mwaka 520 wa Hijria akaenda Baghdad, mwaka uliofuata akahiji na kusikiliza masheikh wa Makka na Madina. Mwaka 529 akashika njia ya mashariki, Isfahan, Nishapur, Marw, Herat, asirudi nyumbani mpaka 533. Masheikh aliowasikiliza wanahesabiwa kuwa 1,300 hivi, na juu yao wanawake zaidi ya 80, naye alitunga kitabu kizima cha kuwaorodhesha. Kwa namna fulani safari zile ndizo zilizompa mji wake. Watu wa Dameski walikuwa wametawanyika kwa karne nne, na kumbukumbu zao zilikuwa vifuani mwa wazee wa Khurasan.

Kusikiliza kwenyewe kulikuwa na taratibu zake. Kijana huazima daftari la riwaya za sheikh, au nakala iliyotokana nalo, akalinakili kwa mkono wake. Kisha hukaa mbele ya sheikh. Ama sheikh asome na kijana afuatishe kwa macho, ama mmoja wa wanafunzi, mwenye ulimi mwepesi, asome na sheikh asikilize akiwa ameshika nakala ya asili. Neno likitofautiana, kisomo kinasimama. Mwisho wa kikao huandikwa chini ya daftari nani kasoma, nani kasikia, wapi, na tarehe gani. Aliyechelewa hutajwa na fungu lililompita. Mtoto aliyetimiza miaka 5 huandikwa kuwa amesikia. Aliye chini ya hapo huandikwa kuwa amehudhuria, basi. Sijui ofisi ya leo inayoandika mahudhurio kwa uangalifu wa namna hiyo.

Na namna habari ilivyomfikia haimpotei njiani. Aliyoisikia kwa masikio yake huifungua kwa akhbarana, ametueleza. Iliyomjia kwa ijaza tu, yaani ruhusa ya kupokeza, bila kukaa mbele ya mwenyewe, huiandikia anba'ana, ametuarifu. Iliyokuja kwa barua hutajwa kuwa imekuja kwa barua, na aliyoiokota katika karatasi za marehemu husema ameisoma kwa mwandiko wa fulani. Hapandishi daraja hata moja. Riwaya nzuri sana, inayoupamba mji, ikiwa ameikuta kwenye karatasi tu, inabaki riwaya ya kwenye karatasi.

Kurudi nako kulikuwa na mitihani. Si yote aliyoyasikia mashariki aliyoyanakili; mengine aliwategemea wenzake wa safari, na wenzake wakakawia huko. Mwanawe, al-Qasim, alisimulia jinsi baba yake alivyokosa utulivu, akangoja, akauliza kila msafara, hata akaazimia kufunga mizigo na kurudi Khurasan. Ndipo mwenzake mmoja akaingia Dameski na shehena ya vitabu. Safari ikaachwa, kunakili kukaanza.

Vifaa si vingi. Kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha kwa mshazari, kisu kidogo cha kuichonga, kidau cha wino wa masizi na gundi, au ule wa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Kupata mistari iliyonyooka kuna ubao wenye nyuzi zilizokazwa: karatasi hulazwa juu yake, ikapitishwa kidole, na nyuzi zikaacha alama bila tone la wino. Kilicho kigumu ni nidhamu ya alama. Mwisho wa kila riwaya huwekwa kiduara. Al-Khatib al-Baghdadi alishauri kiduara hicho kiachwe kitupu, kitiwe nukta ndani pale tu riwaya itakapokuwa imelinganishwa na asili yake. Kwa hiyo anayelipokea daftari miaka mia baadaye anatazama viduara na kujua ulinganishaji uliishia wapi. Neno lililosahauliwa halibanwi kati ya maneno mawili. Huchorwa kijistari kinachopinda kuelekea pambizoni, neno likaandikwa huko, likafungwa kwa sahha, kwamba ni sahihi. Na neno lililozidi, mafundi wa hadithi walipendelea lisikwanguliwe kwa kisu. Hupigwa mstari likabaki linasomeka, ili ajaye aone kilichokataliwa na aamue mwenyewe kama kilistahili kukataliwa.

Sasa ugumu wenyewe unaanza. Riwaya ziko maelfu kwa maelfu, lakini kila moja imelala katika daftari la sheikh aliyeisema, wala si mahali pa mtu anayehusika nayo. Habari ya kadhi wa Dameski inaweza kuwa katikati ya daftari la mzee wa Nishapur aliyekuwa akisimulia mambo ya subira. Fundi lazima aione, aitambue kuwa ni ya mji wake, aing'oe pamoja na silsila yake nzima ya wapokezi, aipeleke kwenye herufi yake. Wala asiishie kwenye herufi moja, kwani habari moja inaweza kuwahusu watu wanne, na wote wanne ni wa Dameski. Alifanya hivyo bila kadi, bila faharasa, kwa kumbukumbu na kwa kurudia kusoma.

Mpangilio wake ni wa heshima na wa herufi kwa pamoja. Kwanza ni fadhila za Shamu na habari za kufunguliwa kwake na Waislamu, kisha majengo ya mji, kisha sira ya Mtume, kwa sababu Mtume alifika Busra ya Shamu na msafara wa biashara kabla ya utume. Yakishapita hayo wanaanza kina Ahmad, wakitanguliwa kwa ajili ya jina la Mtume. Baada yao herufi zinashika njia yake ya kawaida, na majina ya baba nayo yanafuata herufi, na ya babu vivyo hivyo. Kisha wanaojulikana kwa kunia, yaani jina la Abu Fulani, kisha wasiojulikana jina, kisha wanawake, karibu 200, katika juzuu yao.

Nani aingie? Hapa ndipo Ibn Asakir alipochora mpaka wa mji wake, na aliuchora mpana. Mzaliwa aliingia, mhamiaji aliingia, aliyepita na ngamia wake usiku mmoja aliingia. Manabii Ibrahim, Daudi na Isa bin Maryam wamo, kwa kuwa ardhi ya Shamu inawahusu. Al-Khatib al-Baghdadi naye yumo: alikimbilia Dameski katika miaka ya 1050, akasomesha katika Msikiti wa Bani Umayya miaka minane hivi kabla ya kuondoka. Mtu aliyeandika kitabu cha Baghdad akawa jina ndani ya kitabu cha Dameski. Ukoo na mahali pa kuzaliwa vinaandikwa vyote kwa uangalifu, lakini havifungi mlango.

Tutazame wasifu mmoja kwa karibu. Bilal bin Rabah, muadhini wa Mtume, mwenye asili ya Habasha, alihamia Shamu baada ya Mtume kufariki, kwa hiyo ni wa kitabu hiki. Ibn Asakir anaanza na jina, baba Rabah, mama Hamama. Kisha kunia, na hapo hapo riwaya zinaachana: Abu Abdallah, wengine Abu Abd al-Karim, wengine Abu Amr. Hachagui moja akaificha nyingine; kila kunia inakuja na watu wake. Wanafuata waliopokea kwa Bilal, na hadithi zilizopita kwake, kila moja imefungwa kwenye silsila inayotoka kwa Bilal mpaka kwa sheikh aliyemsomea Ibn Asakir mwenyewe. Kisha sura yake: mrefu, mwembamba, mweusi, mwenye nywele nyingi. Mateso ya Makka, kuachwa huru na Abubakar, adhana, kuaga Madina.

Kisha kifo. Mwaka gani? Wengi wanasema 20 wa Hijria, lakini wako wa 18 na wako wa 21, nao wameandikwa. Kaburi liko wapi? Bab al-Saghir, katika makaburi ya Dameski, wanasema hawa. Daraya, kijiji cha jirani, wanasema hawa. Halab, wanasema wale. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mtu anayeandika kuutukuza mji wake, na mkononi ana muadhini wa Mtume, alikuwa na kila sababu ya kuiacha riwaya ya Halab ipotelee kwenye daftari ilimotoka. Angekosa nini? Hakuna ambaye angejua. Ameiandika, na wapokezi wake, wakati Halab ulikuwa mji shindani hasa, wenye wanazuoni wake na fahari yake. Karne moja baadaye Halab ilimpata fundi wake, Ibn al-Adim, mwenye mwandiko mzuri wa kusifika, ambaye juzuu kumi za kitabu chake zimesalia Istanbul, nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Naye alimnakili sana jirani yake wa Dameski.

Makosa ya wapokezi nayo yana adabu yake. Mpokezi akikosea jina la mtu, Ibn Asakir halisahihishi ndani ya maneno. Analiandika kama lilivyosemwa, kisha anaongeza kwa sauti yake: hivi ndivyo alivyosema, na ni kosa, lililo sawa ni hili. Sentensi fupi kama hizo zimetawanyika kitabuni kote, na ndipo pekee karibu anaposikika akizungumza mwenyewe. Ukizikusanya unapata tabia ya mtu: hagombi, hachezi na maneno, hasemi zaidi ya kinachohitajika ili msomaji asipotee.

Juzuu ya majengo ni mkono mwingine kabisa. Humo ameandika misikiti ya ndani ya kuta na ya nje, mamia, na kila mmoja kwa maneno machache yaliyopimwa: uko mtaa gani, ni mkubwa au mdogo, una imamu, una wakfu, una mnara, mlangoni pana kisima au mfereji. Kisha makanisa, milango, nyumba, mahamamu, makaburi, na mifereji inayotoka mto Barada, ule wa Yazid, ule wa Thawra, jinsi maji yanavyogawiwa mtaa kwa mtaa. Hapambi. Kusoma kurasa hizo ni kutembea na mtu anayejua kila kona na hana haja ya kukushangaza. Wanaochunguza ramani ya Dameski ya kale hata leo hawawezi kuanza kazi bila juzuu hii, na sababu ni ule ukavu wake.

Mtu anaweza kudhani utulivu wa namna hii ulitokana na zama tulivu. Sivyo. Wafaransi na wenzao wa Ulaya, Wafranki kama walivyoitwa, walikuwa wameshika Yerusalemu tangu 1099. Julai 1148 walikuja mpaka bustani za Dameski wakauzingira mji siku chache, na Yusuf al-Findalawi, imamu mzee wa Kimaliki, alitoka kupigana akauawa. Yumo kitabuni, kwenye herufi yake. Mwaka 1154 Nur al-Din aliutwaa mji. Ibn Asakir anaeleza katika utangulizi kwamba alikuwa ameianza kazi zamani, akailegeza, na shauku ya mtawala huyu ikamrudisha. Nur al-Din alimjengea pia Dar al-Hadith, shule inayotajwa kuwa ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya hadithi peke yake. Ni wazi kitabu kilikuwa na kazi ya kisiasa: kuwaambia watu wa Shamu kwamba ardhi wanayoipigania ni ardhi ya manabii na masahaba. Mji huo ulikuwa na lawama zake pia, maana ndio uliokuwa makao ya Bani Umayya, na wanahistoria wa Iraki hawakuwapenda. Lakini tazama alivyowashughulikia. Wasifu wa Muawiya na wa mwanawe Yazid umebeba sifa na shutuma, kila moja na silsila yake. Aliyemtuma kazi alitaka silaha, na nadhani aliipata, ila ilitengenezwa na mtu asiyejua kuacha upande mmoja wa riwaya.

Kitabu kilipokuwa tayari hakikutolewa nje kikasomwe kimya. Kilisomwa kwa sauti, sehemu kwa sehemu, mbele ya mwandishi, na al-Qasim akiwa mstari wa mbele katika kusoma na kunakili. Mzee anasikiliza. Pana riwaya aliyoipata baada ya kuandika, inaongezwa pambizoni. Pana herufi isiyo na nukta yake, inatiwa. Wasikilizaji wanaandikwa, wazee, vijana, watoto waliohudhuria. Mtu aliyeanza kwa kukaa vikaoni akiwa mtoto sasa ndiye sheikh anayesikilizwa, na kitabu kizima kinapita katika chujio lile lile lililochuja kila kipande chake. Alipofariki, sultani Salahuddin alihudhuria maziko yake, akazikwa Bab al-Saghir. Al-Qasim aliendelea kukisomesha mpaka alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1203.

Kitabu kikubwa hivyo kinawachosha watu, na wakapatikana wa kukipunguza. Ibn Manzur, yule wa kamusi ya Lisan al-Arab, alikifupisha karibu na mwisho wa karne ya 13. Abd al-Qadir Badran, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki 1927, akaanza kukisafisha tena, akaondoa silsila na marudio. Kazi zao zinasomeka vizuri, kisa kinafuata kisa, nami huzitumia nikitafuta jambo la haraka. Ila humo Bilal hafi mara tatu mahali patatu kwa ushahidi wa watu wanaojulikana. Anakufa tu, na wasemaji wamepungua kuwa wengine na wengine.

Waliokirudisha kitabu kizima walilazimika kujifunza upya kazi ya mwenyewe. Salah al-Din al-Munajjid alitoa juzuu ya kwanza Dameski mwaka 1951, chini ya akademia ya lugha ya Kiarabu ya mji huo. Baada yake Sukayna al-Shihabi alitumia sehemu kubwa ya maisha yake juu ya kitabu hiki, na mwaka 1982 akachapisha juzuu ya wanawake, yenye Umm al-Darda aliyesomesha Dameski na wengine kama yeye. Nakala zilizobaki zilikuwa na matundu na kurasa zilizokosekana, kila moja mahali pake. Ilibidi kuzilaza mbili mbili mezani, kusoma neno kwa neno, kuandika tofauti chini ya ukurasa, na pale nakala zote zilipokosea jina, kuliacha lilivyo na kueleza kwenye tanbihi lililo sawa ni lipi.